Kabla ya Rangi: Historia ya Ngozi ya Kijivu Inayozuia Kutu

Wasee, leo sina siasa wala drama za mapenzi. Leo ni kutu. Usiondoke kwanza. Hii kutu ilimharibia Anko wangu jina na ikamla doo, na kosa lilikuwa langu.

Mlio hapa tangu mwaka jana mnakumbuka ile vidio ya geti nyeusi. Anko ana karakana ya kuchomelea huku Kayole. Nilipoacha kampasi mwaka wa pili, yeye ndiye hakuniuliza maswali mengi. Aliniambia tu, "Njoo ushike brashi hadi ujue unataka nini." Basi nikawa namsaidia, huku narekodi.

Akapata kazi ya geti kubwa ya mama mmoja wa Utawala. Mama aliitaka Jumamosi asubuhi, hakuna kesho. Ijumaa saa tisa na nusu mchana Anko akatoa brashi ya waya, msasa na ile dawa ya kutu ya kwenye mtungi. Akasema, "Kijana, hii chuma lazima isuguliwe, ioshwe, ikauke, halafu ndio tupake."

Mimi nilikuwa nawaza jua. Mwanga mzuri wa vidio huisha saa kumi na moja hivi. Nikamwambia, "Anko, hiyo sehemu watu huiruka. Hakuna mtu hutazama fundi akisugua chuma. Tuanze na rangi." Akanitazama, akacheka kidogo, akafungua mkebe.

Vidio ikatazamwa na watu 60,000. Nikajiona mkubwa.

Mvua ndefu ikaja. Geti ikaanza kufanya malengelenge, kama mkono uliomwagikiwa na chai moto. Kufikia Agosti ukigusa, rangi inatoka nzima nzima. Yule mama akaja karakanani ameshika kipande cha rangi kwenye kiganja. Juu ni nyeusi, inang'aa. Akakigeuza. Nyuma ni kahawia, unga mtupu wa kutu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, hii ndiyo kazi yako?" Anko akajibu, "Ndiyo mama, ni yangu. Nitairudia bila malipo." Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Hiyo usiku sikulala vizuri, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ile hatua niliyoiruka ni nini hasa, na nani alianza kuifanya. Kumbe ina historia ya zaidi ya miaka 150, na karibu yote ni watu kupigana na shida ile ile yangu ya Ijumaa: mtu anangoja kazi, na kutayarisha chuma kunachukua muda.

Kwanza, kwa nini rangi peke yake haitoshi?

Kutu ni umeme mdogo. Chuma ikipata maji na hewa, sehemu moja inaanza kuliwa, sehemu ya jirani inapokea umeme unaotoka pale, na katikati maji yanafanya kazi ya waya. Ni betri ndogo ndogo nyingi juu ya bati moja. Rangi inafunika, lakini haizimi hizo betri kama chini umeacha mafuta, chumvi ya vidole na vumbi la kutu ya zamani. Jiwe likigonga geti mahali padogo, maji yanaingia, na kutu inatambaa chini ya rangi bila wewe kuona. Ukiona lengelenge, kazi imeshaharibika zamani.

Sasa kuna dawa ya hiyo kitu, na viwanda vinaitumia kila siku: unaifanya chuma iote ngozi yake yenyewe kabla ya rangi. Ngozi ya fosfeti. Nimesema iote, sikusema ipakwe. Subiri nieleze.

Asidi ya fosforiki unaijua, hata kama hujui unaijua. Imo ndani ya Coca-Cola, kidogo sana, ndiyo inaipa ule ukali. Ndiyo maana ile mbinu ya kutumbukiza nati yenye kutu kwenye soda si uongo. Asidi inakula kutu, na ukiitoa unaweza kuona chuma imekuwa kijivu cheusi cheusi. Hapo umeona kivuli cha jambo lenyewe. Lakini soda haitoshi. Viwanda huchanganya asidi hiyo na maji, kisha ndani yake wanayeyusha zinki ama manganisi.

Ukitumbukiza chuma safi humo, asidi inaanza kuing'ata kidogo. Viputo vya haidrojeni vinatoka. Asidi iliyo karibu kabisa na chuma inatumika, inapungua, na hapo hapo chumvi za fosfeti zinashindwa kuendelea kuwa majimaji. Kama unatoka mahali maji ya kisima yana chumvi, fikiria ule ukoko mweupe ndani ya birika. Hakuna mtu aliupaka. Umetoka ndani ya maji na kukaa pale joto lilipo. Fosfeti nayo inatoka ndani ya asidi na kukaa pale chuma inapong'atwa, kwa fuwele ndogo ndogo kama sukari, na fuwele nyingine zina chuma yenyewe ndani yake. Ndiyo maana haibanduki kirahisi. Imeshikana na chuma kwa sababu sehemu yake ilikuwa chuma.

Na hizo fuwele hazipitishi umeme vizuri. Zile betri ndogo zinakatwa waya.

Sasa sikiza hii sehemu, ndiyo ilinifungua macho. Hiyo ngozi ikiwa peke yake haifai sana. Imejaa vinyweleo. Ukiiacha uchi kwenye mvua, kutu itarudi. Kazi yake ni kushika kile kitakachokuja juu. Ukiipaka mafuta inayanyonya na kuyaweka. Ukiipaka rangi, rangi inaingia kwenye vinyweleo na kung'ang'ania. Hakuna mtu atawahi kuisifia kwa sababu hakuna mtu ataiona.

Sawa. Nani aliigundua?

Rekodi ya kwanza ya kuaminika ni hataza ya Uingereza ya mwaka 1869, ya William Alexander Ross. Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni lako kwa muda fulani. Njia ya Ross ilikuwa ya kiume kweli: choma chuma hadi iwe nyekundu, kisha itumbukize kwenye asidi ya fosforiki. Ni kitu mhunzi yeyote angeelewa. Lakini fikiria kufanya hivyo kwa kila skrubu. Hata chuma yenyewe hubadilika ukiichoma hivyo. Kipande ulichokikaza kwa moto kinalainika tena. Wazo lilikuwa sahihi, njia ikawa nzito.

Miaka 37 ikapita. Mwaka 1906 Thomas Watts Coslett wa Birmingham akapata hataza yake. Yeye hakuhitaji kuchoma chuma. Alichukua asidi iliyotiwa maji mengi, akaweka vumbi la chuma ndani, akachemsha, kisha akatumbukiza vipande humo. Mwaka 1909 akaleta njia ya kutumia zinki. Muda mfupi baadaye Mwingereza mwingine, Frank Rupert Granville Richards wa Coventry, akaleta manganisi. Hizo mbili, zinki na manganisi, bado ndizo zinatumika hadi leo. Zaidi ya miaka 100, na msingi haujabadilika.

Si ajabu ilikuwa Birmingham na Coventry. Hiyo ndiyo ilikuwa miji ya baiskeli, pikipiki na bunduki. Vipande vidogo vya chuma kwa maelfu, katika nchi yenye mvua isiyoisha. Watu wakaanza kusema chuma "imefanyiwa Coslett", vile sisi husema tunanyoa na Gillette hata kama wembe ni wa kampuni nyingine.

Shida ilikuwa moja. Muda. Kipande kilikaa kwenye maji yanayochemka saa 2 hadi 2 na nusu. Kwa fundi wa bunduki, sawa tu. Kwa kiwanda kikubwa, hapana.

Hapa sasa tunavuka bahari, twende Marekani, kwa sababu huko ndiko saa 2 na nusu zilianza kuuma kweli.

Kulikuwa na mtu anaitwa Clark W. Parker. Alinunua haki za Marekani za hataza za Coslett na Richards. Halafu akaanza majaribio wapi? Jikoni kwake. Si maabara, si chuo kikuu. Jikoni ya familia, sufuria za asidi na vipande vya chuma. Mimi niliyeacha kampasi niliposoma hapo nilisimama kwanza nikatembea kidogo. Lakini tusijidanganye: Parker hakuanza na hewa. Alianza na kazi ambayo Waingereza wawili walikuwa wameshaandika vizuri, akailipia, kisha akaijaribu tena na tena. Jikoni bila kusoma ingekuwa moshi tu.

Mwaka 1915 yeye na mwanawe Wyman wakaanzisha kampuni ya kuzuia kutu. Jina lao likashika hadi leo: mtu akisema "parkerizing" anaongea kuhusu hii ngozi, hasa kwenye bunduki. Na Detroit ndiko kampuni hiyo ilijulikana, mji wa magari.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Mwaka 1913 Henry Ford alianzisha laini yake inayotembea. Kabla ya hapo kuunganisha fremu ya gari moja kulichukua zaidi ya saa 12. Ndani ya mwaka mmoja hivi ikafika kama saa 1 na nusu. Yaani fremu nzima ya gari ilikuwa inamalizika kabla kipande kimoja cha chuma hakijatoka kwenye sufuria ya Coslett. Hakuna meneja atakubali hiyo. Hata mimi singekubali, na nilikataa dakika 90 za Anko.

Na rangi nayo ikaharakisha. Zamani kupaka gari kulichukua wiki kadhaa: paka, ngoja, sugua, paka tena. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja rangi za kunyunyiza zinazokauka haraka, ile ya Duco ikiwa maarufu zaidi. Wiki zikawa saa. Na bodi za magari zikawa zinageuka kuwa za bati la chuma tupu, mbao zikiondoka. Kwa hivyo una bati jembamba, rangi ya haraka, na watu wanaoendesha kwenye matope na theluji. Kama hakuna kitu kati ya bati na rangi, unauza malengelenge.

Ndipo mafundi wa kemia wakaanza kukimbizana na saa. Angalia venye muda ulianguka.

Mwaka 1929 kampuni ya Parker ikaleta njia iliyoitwa Bonderite. Waliongeza shaba kidogo sana kwenye mchanganyiko. Chembe za shaba zinakaa juu ya chuma na kuifanya ing'atwe haraka, kwa hivyo fuwele zinaota haraka. Saa 2 na nusu ikashuka hadi kati ya dakika 10 na saa 1. Na hii ilitengenezwa kwa ajili ya kukaa chini ya rangi, si kupakwa mafuta tu.

Miaka ya 1930 wakagundua kitu kingine. Kumbe kilichokuwa kinachelewesha kazi ni vile viputo vya haidrojeni. Vinashika kwenye uso wa chuma na kufunga njia, kama watu wanaosimama mlangoni mwa matatu huku ndani kuna nafasi. Wakaongeza naitreti, ambayo inakula haidrojeni mara tu inapotokea. Mlango ukafunguka. Muda ukafika kama dakika 5. Halafu badala ya kutumbukiza wakaanza kunyunyiza kwa nguvu, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 kazi ikawa ya dakika moja hadi mbili.

Kutoka saa 2 na nusu hadi dakika 2, ndani ya kama miaka 30. Hawakuamua kuiruka hatua kwa sababu inachelewesha. Waliifanya iwe fupi hadi hakuna mtu ana sababu ya kuiruka.

Ujerumani nao walikuwa wameona jambo lingine. Mwaka 1934 Fritz Singer alipata wazo la kutumia hiyo ngozi wakati wa kuvuta na kubana chuma baridi. Ukivuta fimbo ya chuma kupitia tundu dogo kutengeneza waya, chuma inasuguana na kifaa hadi vinashikana na kuchanika. Ukiweka mafuta, presha inayafukuza. Lakini fosfeti ina vile vinyweleo. Inashika sabuni na kuibeba hadi ndani ya tundu. Ni kazi ile ile, kushika kinachokuja juu, ila hapa kinachoshikwa ni sabuni badala ya rangi. Waya, bolti na springi nyingi duniani bado zinapitia hapo. Na vita vilipokuja, Wajerumani wakiwa na upungufu wa shaba, njia hii iliwasaidia kutengeneza maganda ya risasi kwa chuma.

Upande wa pili wa vita hiyo hiyo, bunduki za jeshi la Marekani kama M1 Garand zilitoka kiwandani na ule ukijivu wa Parker, usiong'aa, uliojaa mafuta. Sitaki kupamba. Sehemu kubwa ya maarifa haya ilikuzwa na magari na bunduki, vitu viwili vilivyokuwa na pesa ya kulipia mtu akae akihesabu fuwele.

Halafu mwaka 1943 kuna George Jernstedt, huko huko Marekani. Huyu ndiye alinimaliza. Yeye aliona kwamba ukisafisha chuma kwa dawa kali, fuwele zinaota kubwa na chache, zina mapengo. Akatafuta namna ya kuosha chuma kwanza kwa maji yenye chembe ndogo sana za fosfeti ya titani. Zile chembe zinakaa kwenye chuma kama mbegu. Kisha ukiitia kwenye fosfeti, fuwele zinaota nyingi, ndogo, zimesongamana, bila pengo. Yaani mtu huyu alitengeneza matayarisho ya matayarisho! Mimi nilishindwa na moja.

Sasa unaweza kusema, hayo ni ya Detroit na Birmingham, sisi yanatuhusu nini? Ngoja nikupeleke ushago.

Guka yangu aliacha baiskeli ya Raleigh. Wengi wenu mna guka, babu ama kuka aliyekuwa nayo, ile nyeusi, nzito, ya breki za fimbo, iliyobeba magunia, mitungi ya maziwa na bibi harusi. Raleigh zilitoka Nottingham, Uingereza, na katika miaka ya baada ya Vita vya Pili matangazo yao yalijivunia neno moja refu: Spra-Granodised. Hiyo haikuwa majina ya kibiashara tu. Ilikuwa fosfeti ya zinki, ya kunyunyiza, chini ya rangi nyeusi. Mtoto wa yale yale mawazo ya Coslett.

Mwezi wa Desemba nilienda nikaitoa kwenye stoo ya kuku. Mahali rangi ilikuwa imekwanguka kwenye fremu, nilitegemea kuona kutu imetambaa chini yake kama kwenye geti yetu. Kulikuwa na kutu, ndiyo, pale pale kwenye mkwaruzo. Lakini ukingoni mwa mkwaruzo rangi ilikuwa bado imeshika kama imeapishwa. Nilijaribu kuibandua kwa kucha, ikakataa. Siwezi kukuapia kila kitu alichofanyiwa huyo mzee wa chuma kiwandani. Ninachojua ni kwamba rangi yake ni ya zamani kuliko mama yangu na bado imeshika, na yangu haikumaliza miezi 6.

Siwafichi upande mbaya. Maji ya fosfeti yanaacha matope mazito yenye metali, na kiwanda lazima kiyashughulikie. Fosfeti ikifika mtoni ama ziwani inalisha magugu. Watu wa Kisumu hawahitaji kufundishwa magugu ni nini. Tena kwa miaka mingi viwanda vilimalizia kwa kusuuza na kromu ya aina inayoleta saratani, na wafanyakazi ndio walikuwa karibu nayo. Hiyo imeondolewa sehemu nyingi. Tangu miaka ya 2000 viwanda vingi vya magari vimeanza kuhamia kwenye ngozi ya zirkoni, ambayo ni nyembamba mno na inaacha matope kidogo. Fosfeti chini ya rangi ina unene wa maikromita chache tu, wakati unywele wako una kama 70. Zirkoni ni nyembamba zaidi hata ya hiyo, mara nyingi. Kwa hivyo kemia inaweza kubadilika. Lakini hakuna kiwanda cha maana kilichosema sasa basi, tupake rangi juu ya bati chafu.

Turudi Kayole.

Ile dawa ya mtungi ya Anko si Bonderite. Ni asidi ya fosforiki na vitu vingine. Ni binamu maskini wa haya yote. Haina zinki ya kuotesha fuwele zilizosongamana. Lakini inafanya kitu: inageuza kutu iliyobaki, inaosha, inaacha chuma ikiwa na uso wa kijivu ambao rangi inaweza kushika. Inataka usugue kwanza, uvae glavu na ufunike macho, uiache muda ulioandikwa, usuuze, ukaushe, upake siku hiyo hiyo. Anko alijua haya yote bila kujua jina la Coslett. Alifundishwa na fundi aliyefundishwa na fundi. Aliyekuja na haraka ni mimi, msomi wa mwaka wa pili.

Tulirudia geti. Tulikwangua rangi yote, na hiyo ilichukua siku mbili, kwa sababu kutengua kazi mbaya ni ngumu kuliko kufanya nzuri. Tukasugua, tukapaka dawa, tukaona chuma ikigeuka kutoka kahawia hadi kijivu. Nikarekodi yote, hata sehemu ya kungoja ikauke. Tukapaka ile rangi nyekundu ya chini, kisha nyeusi. Mama akaja akapapasa na kiganja, hakusema kitu kingi. Alisema, "Sasa tungoje mvua." Sawa kabisa. Hata mimi ningesema hivyo.

Hiyo vidio mpya ilitazamwa na watu 4,000. Ile ya zamani nimeitoa. Wengine mliuliza kwa nini, ndio hii sababu.

Na nimegundua shida haikuwa tu mimi na mwanga wangu. Watu wengi wakiuliza bei ya geti, wanalinganisha mafundi wawili kwa kitu wanachoona. Fundi anayesugua na kuosha anataja bei ya juu na siku moja zaidi. Fundi anayeruka anashinda kazi. Halafu mvua ikija, tunasema mafundi wa jua kali ni wezi. Lakini ni sisi tulikataa kulipia hiyo siku moja. Wenye viwanda waliilipia: walilipa wanakemia kwa miaka 30 kuipunguza kuwa dakika mbili. Anko hana mwanakemia. Ana brashi ya waya na mteja anayetaka Jumamosi.

Kwa hivyo tumebadilisha kitu kidogo. Zamani Anko akiandika makadirio kwenye kile kitabu chake cha risiti, aliandika mstari mmoja: "Geti, pamoja na rangi." Sasa anaandika mitatu. Chuma na kuchomelea. Kuosha na kutayarisha chuma, siku moja. Rangi. Kila mstari na bei yake. Wateja wengine wanauliza, "Hii ya katikati ni ya nini, si tuiondoe?" Hapo ananiita, "Kijana, njoo umweleze." Nami nakuja na kile kipande cha rangi cha yule mama, nimekiweka kwenye droo. Namwonyesha mbele, kisha nakigeuza.